Zunilda na Upatu wa Krimu

Zunilda alikuwa na wazimu wa kugawa sawa. Nasema wazimu na sitafuti neno la upole, maana mimi ndiye jirani yake mlango kwa mlango, ndiye mama wa ubatizo wa binti yake, na nimekula kwake kuku wa kutosha kutoa ushahidi. Nyumbani kwake paja la kuku lilikuwa na zamu. Jumapili hii la mama, ijayo la mtoto, inayofuata la mgeni, na mgeni asipotokea Zunilda anatoka barabarani kumtafuta. Mwaka ule binti huyo, Dahiana, alipolazwa kwa kidole tumbo, zamu ilikuwa yake, na mtoto kakatazwa kula chochote. Zunilda alilifunga paja kwenye karatasi, akapanda pikipiki mpaka upande wa pili wa mji wetu wa Santiago, akaliweka juu ya kimeza cha wodini.

"Hutakula," alimwambia, "lakini ni lako."

Paja lilikaa pale mpaka manesi wakalalamikia harufu.

Ndiyo maana wanawake wa mtaa mzima walimkabidhi upatu wao. Sisi tunauita san: kila mtu anachanga kila wiki, na kila wiki mmoja anabeba chote. Namba za zamu zinaokotwa ndani ya sufuria ya wali, mbele za watu, sufuria imeoshwa na kukaushwa. Wako wasimamizi waliopanda ndege na zamu za wenzao, hadi leo tunawaona kwenye picha wamevaa makoti ya baridi. Zunilda hakuwahi kupanda hata basi la kwenda ufukweni kabla mtu wa mwisho hajapokea.

Kazi yake ilikuwa ususi. Saluni ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake: kiti kimoja kikubwa cha kuzunguka, sinki la kuoshea vichwa, draya tatu za kuingiza kichwa, mojawapo ikipuliza baridi na yeye akiitoza nusu bei. Nyuma ya pazia ndiyo nyumba.

Sasa mtu wa namna hiyo akapewa binti mwenye soriasisi, ule ugonjwa wa ngozi. Ilimwanza Dahiana kichwani akiwa bado shule ya msingi. Magamba meupe, mazito, yakashuka nyuma ya masikio, yakaruka mpaka viwikoni, yakaishia magotini. Haiambukizi. Nalisema mapema kwa sababu mtaani kwetu ilibidi lisemwe kila asubuhi, na jioni watu walikuwa wamelisahau. Mtoto wa msusi ana magamba kichwani! Doña Nereida, yaani Bi. Nereida, mteja wa kila Jumamosi, alianza kuja na taulo lake. Baadaye akaja na chanuo lake. Mwishowe akaja na kiti chake cha plastiki, amekibeba kichwani.

"Si kwa ubaya, mpenzi wangu," alimwambia Zunilda. "Ni mgongo tu."

Mimi ningemwambia pa kukipeleka kile kiti. Zunilda alimpangusia vumbi.

Na dawa! Kila mtu alikuwa nayo. Shubiri, parachichi, maji ya mchele, majani ya mpera ya kuchemsha. Mjomba wa Dahiana, fundi magari, alileta grisi, akaapa kwamba kuna injini imetulia nayo tangu kimbunga kile kikubwa. Zunilda alijaribu kila kitu kwenye mkono wake mwenyewe kwanza, kisha kwa mtoto, kiwiko cha kulia na cha kushoto kwa kipimo kimoja, kisije kimoja kikaona kimeonewa. Hakuna kilichosaidia. Grisi ilitoka baada ya wiki.

Lakini kuna jambo moja lililomuuma, na nataka ulishike maana yote yanarudi kwenye hilo. Dahiana alipokuwa mdogo alikuwa anakaa kwenye ngazi ya saluni akiuliza, "Mami, zamu yangu lini?" Zamu yake ilikuwa Jumamosi, ya mwisho kabisa. Mama anamketisha kwenye kile kiti kikubwa mbele za wateja wote, anamwosha, anamtengeneza kama bibi harusi, na wanawake wanamshangilia. Magamba yalipokuja, yakaisha hayo. Mtoto akawa anaoshwa nyuma ya pazia, dirisha limefungwa, wateja wameshaondoka. Alipofika miaka kumi na minne alikuwa anavaa kofia ya sufu katika joto la Santiago, na hakanyagi saluni hata kuazima kibanio.

"Fior," Zunilda aliniambia siku moja akisafisha machanuo, "mimi siombi muujiza. Naomba Jumamosi moja mwanangu akae kwenye kile kiti mbele za watu. Moja. Basi."

Hapo ndipo tuliposikia habari za Dokta Peynado. Alikuwa kijana mwembamba, mpole, mtaalamu wa ngozi kwenye kliniki moja ya mjini, na alikuwa anatafuta vijana wenye soriasisi wa kujaribiwa krimu mpya. Watu wazima walikuwa wameshaijaribu. Ilibaki kujua kama inawafaa vijana. Zunilda akanichukua twende wote, kwa sababu, alisema, mimi nina sura ya kutodanganyika.

Dokta alitueleza taratibu. Nusu ya vijana watapewa dawa yenyewe. Nusu watapewa krimu tupu, rangi ile ile, tyubu zile zile. Miezi minne. Atakayemaliza, awe alipata ipi, atapewa dawa ya kweli mwaka mzima bila malipo.

"Na nani anachagua nani apate nini?" Zunilda akauliza.

"Kompyuta, doña. Inapiga kura."

"Mbele ya nani?"

"Sijakuelewa."

"Sufuria iko wapi? Watu waone zikiokotwa."

"Hakuna anayeona. Ndiyo maana yake hasa. Wewe hujui, Dahiana hajui, hata mimi sijui."

"Wewe daktari hujui unampaka nini mwanangu, na unalisema mchana kweupe?"

Dokta alicheka kidogo, akaona anacheka peke yake. "Doña Zunilda, tukijua, tutaanza kuona tunachotaka kuona. Tusipojua, ngozi yenyewe ndiyo itasema."

"Na hawa wa krimu tupu, miezi yote minne wanachanga hawapokei?"

"Wanapokea mwishoni."

"Mwishoni," Zunilda alinigeukia. "Fior, umewahi kuona upatu ambao nusu ya watu wanapokea kila wiki na nusu wanapewa sufuria tupu, halafu wanaambiwa ngojeni?"

Nikasema nimewahi, ule wa yule mwanamke wa makoti ya baridi.

Hata hivyo alikubali, kwa sababu ya kiti. Dokta alisisitiza mara nyingi kwamba krimu asipewe mtu mwingine yeyote. Zunilda akaapa, mkono kifuani. Baadaye watu walisema aliapa uongo. Si kweli. Kwake yeye mtu mwingine ni mtu wa nje ya upatu.

Na upatu alikuwa nao kabla hatujatoka kwenye chumba cha kusubiria. Kliniki yetu ilikuwa na vijana wanane, kila mmoja na mama au bibi yake, wote wameshika vifuko vyenye tyubu na kutazamana kwa kijicho. Kila mmoja alikuwa na hakika kwamba jirani yake ndiye aliyepewa ya kweli. Zunilda akasimama katikati.

"Jamani, tusifichane. Humu ndani wanne wamebeba dawa na wanne wamebeba mafuta ya kulainishia mikono. Nani anataka kuwa mafuta?"

Doña Eduvigis, bibi mmoja kutoka milima ya Jánico, akanyoosha kidole. Alikuja na mjukuu wake Wilkin, kijana mrefu asiyesema, viwiko vyake vimekakamaa mpaka mashati yalikuwa yanatoboka hapo.

"Mimi sitaki mafuta, mwanangu. Nimetoka mbali."

"Hakuna atakayekuwa mafuta. Tunachanga zote, tunakoroga, tunagawana. Kila mtoto anapata dawa, hakuna anayepata bandia peke yake. Nani hataki?"

Hakuna aliyekataa. Angekataa nani, mbele ya yule mwanamke?

Mkorogo ulifanyika jikoni kwangu, Jumapili baada ya misa, kwa sababu mimi ni mwoka keki na ndiye mwenye mashine. Naomba isemwe kwamba keki ya kwetu haina mpinzani duniani, na ya kwangu haina mpinzani kwetu. Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Zunilda anakata mkia wa tyubu kwa mkasi wa nywele. Wamama wanakamua ndani ya bakuli langu kubwa. Mashine inakoroga polepole, isije krimu ikapanda kama ute wa yai. Mimi naijaza tyubu upya kwa mfuko wa kupambia keki, mizani ikiwa mezani na macho ya familia zote nane juu ya mizani. Kisha Zunilda anafunga mkia kwa pasi ya kunyooshea nywele, plastiki inashikana vizuri kabisa, huwezi kujua imefunguliwa. Kila tyubu inarudi kwa mwenyewe, na namba yake. Bakuli langu halijawahi kutoka harufu ya vanila tangu nilinunue, kwa hiyo krimu nayo ikaichukua. Wilkin alikuwa amesimama mlangoni muda wote. Alinyanyua mkono wake uliopakwa krimu, akaunusa, akasema neno pekee nililowahi kumsikia kwa miezi hiyo.

"Keki."

Na ikafanya kazi! Si kuponya, ilifanya nusu. Mwezi wa pili magamba yalianza kuwa membamba kwa wote wanane. Viwiko vya Wilkin viliacha kutoboa mashati. Kichwa cha Dahiana kilisafika mbele, kuanzia kwenye paji mpaka utosini, nywele changa zikaota. Nyuma, kuanzia utosini kwenda shingoni, magamba yalibaki vile vile. Kofia haikutoka. Lakini nilimkuta mara mbili amejitazama kwenye kioo cha saluni, saluni ikiwa imefungwa.

Aliyekonda ni Dokta Peynado. Aliwapima watoto, akawapima tena, akabadilisha taa, akawapima tena.

"Sielewi," alituambia. "Miji mingine kote, wako wanaopata nafuu kubwa na wako ambao hawajabadilika hata kidogo. Hapa wote wanane wako sawasawa. Mnawalisha nini?"

"Wali na maharage," akasema Zunilda.

"Na hii harufu?"

"Ujana," nikasema mimi.

Tyubu nazo zilimtesa. Kwingine kote vijana wanarudisha tyubu zimejaa nusu, wamezisahau kwenye begi la shule, moja ilitafunwa na mbwa. Zetu zilirudi zimekunjwa kuanzia mkiani, bapa, hazina hata tone, zote nane zimekunjwa upande mmoja. Zunilda alikuwa anazipitisha chini ya kifimbo changu cha kusukumia unga. Kupoteza krimu ya upatu ni wizi.

Habari zikavuka bahari. Wenye dawa huko kwao wakakaa kikao, na kwa kuwa ni watu wenye akili nyingi, wakafikiria kila kitu isipokuwa bakuli langu. Wengine walisema ni maji ya Santiago. Wengine wakasema ni jua. Mmoja, tuliambiwa, alikuwa ameshaanza kuamini kwamba krimu tupu yenyewe ndiyo dawa, na ile dawa ndiyo inayoizuia kidogo. Wakamtuma Bi. Lindqvist, mwanamke mrefu sana aliyejifunza Kihispania darasani, amebeba vichupa. Alichukua maji ya bomba, maji ya tangi, maji ya mvua. Alichukua ndizi za kuponda kwenye sahani ya Doña Eduvigis, akiwa bado anazila. Kisha akasema anaomba kuona makazi ya mshiriki mmoja, na dokta akamleta kwa Zunilda, siku ya Jumamosi, saluni imejaa.

Zunilda ana sheria: kwenye saluni yake haongei na mtu ambaye hatengenezwi nywele. Ni kuwaibia zamu wanaosubiri. Bi. Lindqvist akajikuta kwenye kiti kikubwa, kichwa kwenye sinki, halafu rola kichwa kizima, wavu juu, ndani ya draya. Akaanza kuuliza maswali yake kutoka humo ndani, kwa sauti ya juu maana hajisikii.

"MAMA MHESHIMIWA! JE, MSICHANA HUPAKA KRIMU KWA WAKATI UPI?"

"Asubuhi na jioni, mpenzi."

"JE, HUPAKWA NA NANI?"

Umeme ukakatika. Draya zikazimika zote, na sauti yake ikabaki peke yake barabara nzima. Wateja wakapasuka kwa kicheko. Yeye akataka kuinuka.

"Kaa hapo," Zunilda akamwambia. "Huwezi kutoka na rola mbichi, utaharibika. Umeme utarudi jioni, au kesho."

Akakaa. Angefanyaje? Na kwa kuwa hakukuwa na kazi nyingine ya kufanya bila umeme, akaacha maswali ya kwenye karatasi zake akauliza la kawaida kabisa.

"Kwa nini kila mahali nanusa keki?"

Zunilda hakusita hata kidogo. Hakuwa ameficha kitu, hakuna aliyemuuliza. Alieleza kila hatua, kwa fahari, mkasi, bakuli, mashine, mizani, pasi ya nywele. Mimi nikakimbia nyumbani kuleta bakuli, walione.

"Mlikuwa na upungufu pale kwenye kugawa," Zunilda alimalizia. "Nikawarekebishia. Ahsante si lazima."

Dokta Peynado alitafuta pa kukaa, akaangukia kiti cha plastiki.

"Hicho changu," akasema Doña Nereida.

"Doña Zunilda," dokta akasema taratibu, kama mtu anayeongea na polisi, "sasa hatujui chochote."

"Mnajua. Inaponya nusu."

"Hatujui! Pengine dawa nzima ingeponya yote. Pengine robo tu. Pengine ni vanila! Watoto wanane, miezi yote ile, na siwezi kumwambia daktari mwenzangu hata neno moja la kweli."

"Mwambie hakuna aliyedhulumiwa."

Dokta akauficha uso. Nilimwonea huruma, nalikiri hilo, kijana wa watu alikuwa mwaminifu. Bi. Lindqvist alilinyoshea bakuli mkono. Alilinusa kwa muda mrefu, akanirudishia, akamshika Zunilda mkono, akaondoka kwa miguu kwenda hotelini na rola zake na wavu wake. Hakuna aliyegeuka kumwangalia. Nusu ya wanawake barabarani walikuwa hivyo hivyo. Wanasema alilala nazo. Nilimwona asubuhi akipanda gari la uwanja wa ndege, na nywele zilikuwa zimemkaa vizuri mno.

Wiki iliyofuata utafiti ulifungwa kwetu. Hakuna tyubu mpya. Hakuna mwaka wa dawa ya bure. Na mtoto aliyeharibu utafiti mmoja hachukuliwi kwenye mwingine. Ile ya dukani, ikija kufika dukani, ni ya watu wenye nyumba ya pili. Doña Eduvigis aliteremka kutoka Jánico kuja kuuliza kama ni kweli, akalia palepale mlangoni. Mimi nilikasirika, nikamkasirikia dokta, kompyuta, na Zunilda pia, nikamwambia wazi, "Kwa nini usingetulia, mwanamke? Miezi minne tu!"

"Na mtoto wa mwenzangu apake mafuta?" akajibu. "Angalau tumekosa sawa."

Hilo ndilo lililomweka wima. Tumekosa sawa. Alilirudia kila mara akisokota rola, na polepole magamba ya Dahiana yakaanza kunenepa tena pale nyuma.

Dokta Peynado akarudi, Jumamosi nyingine, jioni, wateja wa mwisho wakiwa kwenye draya. Alisema utafiti umekwisha kwenye miji mingine, siri za kura zimefunguliwa, na kila familia ina haki ya kuambiwa mtoto alikuwa amepangiwa nini. Akaomba waende pembeni.

"Sema hapa hapa," Zunilda akasema, anakausha nywele za mtu. "Mambo ya upatu husemwa mbele za watu."

"Doña, ni bora—"

"Hapa."

"Tyubu za Dahiana zilikuwa za kweli. Zote, tangu ya kwanza."

Zunilda aliendelea kukausha kipande kile kile cha nywele mpaka mteja akalia kwamba anaungua.

"Na Wilkin?"

"Krimu tupu."

"Na huko kwingine," aliuliza, na sauti ilikuwa imeshuka, "hao waliopaka ya kweli yenyewe, bila kukorogwa. Wamepona?"

Dokta alitazama sakafu. Angeweza kudanganya, na mimi nilikuwa namwombea adanganye.

"Wengi," alisema. "Wengi wamepona kabisa."

Zunilda alizima draya ya mkono, akaining'iniza kwenye msumari wake, akakaa kwenye kile kiti kikubwa. Miaka yote ile sikuwahi kumwona amekikalia. Kilizunguka kidogo kikamwelekeza kwenye kioo.

"Dawa ilikuwa yake," akasema. "Ilikuwa zamu yake, kompyuta ilimpa, na mimi mama yake nikaingiza mkono nikachota nusu, nikagawa. Nimemwibia mwanangu, Fior. Mimi!" Akalia kwa sauti, mdomo wazi, kama wanavyolia watoto, na hakuna kati yetu aliyejua pa kuweka macho.

Pazia likasogea. Dahiana alikuwa nyuma yake muda wote. Akatoka na kofia yake ya sufu, akapita katikati ya wateja akiwa ameinama, akasimama mbele ya mama yake.

"Mami, inuka. Umekalia zamu yangu."

"Zamu gani, mwanangu?"

"Leo si Jumamosi? Mimi si wa mwisho? Au na hii umemgawia mtu?"

Akavua kofia. Mbele kulikuwa na nywele zimeota fupi, nyeusi, nzuri. Nyuma magamba, meupe, mpaka shingoni, yanaonekana na kila mtu kwenye taa ya saluni. Aliyaacha yaonekane. Alisema kwa sauti, ili wote wasikie.

"Nusu nyingine iko Jánico, kwenye viwiko vya Wilkin. Siku akinikera nitaidai."

Mtu mmoja alicheka ndani ya draya, kisha wote, na Zunilda naye, bado analia. Akainuka. Dahiana akapanda kwenye kiti, akaegemeza kichwa kwenye sinki, akafumba macho.

Doña Nereida alinyanyuka kutoka kwenye kiti chake cha plastiki. Nilikuwa nimeshajiandaa kumtukana. Akavua taulo lake mabegani, lile lake, la kutoka nyumbani kwake, akalinyoosha.

"Chukua hili," akasema. "Ni safi."

Zunilda akalipokea, akalitandaza kwenye mabega ya mwanawe, upande huu na upande huu, sawasawa. Kisha akafungua maji, akayapima kwa mkono wake, na akaanzia nyuma, penye magamba.